Saa Zisizoandikwa Kitabuni

Mtu akaaye karibu na njia kuu ya Nakuru hujifunza kulala katikati ya ngurumo. Malori hupita usiku na mchana, yakitoka Mombasa na Nairobi kuelekea Eldoret, Malaba na Busia. Na mengine hurudi, ama yakiwa matupu ama yamebeba kahawa na chai ya kupelekwa bandarini. Wenyeji wameizoea sauti hiyo hata ikawa kimya chake ndicho kiwaamshacho. Mnamo Januari 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi zilipoifunga njia hii mara kwa mara, tulikisikia kimya hicho. Siku zile zile watu wa Uganda na Rwanda waliona mafuta yakiadimika katika vituo vyao. Hapo ndipo wengi wetu tulipofahamu kwamba barabara ipitayo mlangoni petu si mali yetu peke yetu, bali ni koo linalopitisha riziki ya nchi kadhaa.

Msomaji wangu, chumvi iliyotiwa katika mboga yako jana, sare uliyovaa leo, na karatasi utakayoandikia mtihani wako, karibu zote zilipanda lori kabla ya kukufikia. Je, umepata kumfikiri mtu aliyezileta? Aghalabu tunapomjua dereva wa safari ndefu tumemjua kwa uvumi. Wako wasemao kwamba ni mlevi. Wako wasemao kwamba ana mke katika kila kituo. Na wako wavulana darasani mwangu wamwonao kama mfalme aketiye juu ya watu, mwenye nchi tatu chini ya magurudumu yake. Uvumi huu wote una kasoro moja: humtazama dereva akiwa mwendoni. Mimi nataka kukuonyesha dereva akiwa amesimama. Maana, kwa niliyoyaona, sehemu kubwa ya kazi yake ni kusimama, na shida zake nyingi huanzia hapo.

Niliyajua mambo haya kabla ya kuwa mwalimu. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2008, na mwaka uliofuata, nilipokuwa nikingojea nafasi katika chuo cha ualimu, nilipata kazi ya ukarani wa lango katika yadi ya kampuni moja kubwa ya uchukuzi. Aliyenitafutia kazi hiyo ni mjomba wangu, nduguye mama, aliyekuwa dereva wa kampuni hiyo kwa miaka 11. Kazi yangu ilikuwa kuandika. Nilikuwa na kitabu kikubwa chenye jalada gumu, kilichopigwa mistari ya safu saba: namba ya gari, jina la dereva, mzigo, siku na saa ya kutoka, siku na saa ya kurudi, kilomita zilizosafiriwa, na lita za mafuta zilizotumika. Kila jioni karani mkuu alikichukua kitabu akakipeleka ofisini, na kwa safu zile saba posho za madereva, sifa zao na makaripio yao yalipimwa.

Sitaki kuidhulumu kampuni ile, wala kampuni kubwa kwa jumla. Dereva wa tajiri mwenye lori moja hulipwa pale tajiri anapokuwa na fedha. Gari likiharibika Timboroa, hulala ndani yake siku tatu katika baridi akingojea kipuri kutoka Nairobi. Akiumia, hujiuguza mwenyewe. Dereva wa kampuni kubwa aghalabu hupata mkataba ulioandikwa, mshahara wa mwezi, akiba ya uzeeni, gari linalokaguliwa kabla ya safari, na fundi wa kumwita linapoharibika. Ndiyo maana madereva wenye vyeti vizuri huzitafuta kampuni hizo, na mjomba wangu aliipiga pasi sare yake ya kazi kama askari aendaye kwenye gwaride.

Lakini ukubwa nao una ada yake. Kwa tajiri mdogo, dereva akiwa na neno humwendea mtu. Mtu huyo aweza kuwa mkali, lakini ana masikio. Katika kampuni kubwa dereva huiendea karatasi, na karatasi hujibu yale tu iliyopigiwa mistari kuyajibu. Wahenga walisema kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Dereva, kwa asili ya kazi yake, ndiye asiyekuwapo. Mambo yake yanapojadiliwa ofisini, yeye yuko njiani Mariakani.

Basi tuifuate safari yenyewe. Kutoka Mombasa hadi mpaka wa Malaba ni zaidi ya kilomita 900. Lori hupakia bandarini, hupanda polepole kutoka pwani hadi nyanda za juu, huteremka katika Bonde la Ufa kwa njia ya Mai Mahiu, karibu na kanisa dogo lililojengwa na mateka wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, hupita Naivasha, Gilgil na Nakuru, halafu huanza kuupanda tena mlima, kutoka mita zipatazo 1,850 juu ya usawa wa bahari hapa Nakuru hadi zaidi ya mita 2,700 huko Timboroa. Hiyo ndiyo safari aionayo mtu katika ramani. Safari aionayo dereva ina vituo vingine. Hungojea bandarini hadi hati zikamilike na kontena liwekwe juu ya trela. Hungojea kwenye mizani za Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye. Hungojea mpakani hadi watu wa forodha wa nchi mbili waridhike. Na baada ya hayo yote hungojea mlangoni pa ghala la mwenye mzigo, kwa sababu wapakuzi wamekwenda kula, au mwenye ufunguo hayupo, au ghala limejaa.

Usidhani kwamba kungojea huku kote ni uzembe wa watu. Mizani ina sababu njema. Lori linapozidisha uzito huiharibu barabara, na uharibifu huo hukua kwa kasi kupita uzito wenyewe. Kwa hiyo Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka sheria kwamba lori zito kabisa, lenye ekseli saba, lisizidi tani 56 pamoja na mzigo wake. Forodha nayo haina budi kukagua hati na lakiri, maana ushuru uliokwepwa ni dawa iliyokosekana hospitalini. Wakati wa maradhi ya korona mwaka 2020 ilikuwa lazima madereva wapimwe, na foleni ya Malaba ikanyooka kwa makumi ya kilomita. Watu walilala chini ya trela zao siku nyingi, huku wakiitwa wabeba maradhi na watu wale wale waliokula vyakula walivyovileta. Mnamo Januari 2022 foleni hiyo ilirudi, madereva walipogoma kwa sababu ya ada ya kupimwa iliyotozwa upande wa Uganda. Kungojea, basi, mara nyingi kuna sababu yake. Swali langu ni jingine: nani hulipa gharama ya kungojea huko?

Tufanye hesabu, kama tufanyavyo darasani. Chukua safari ya kilomita 900. Lori lenye mzigo mzito, likipanda milima na kupita katika miji, tuseme huenda kwa wastani wa kilomita 45 kwa saa. Safari hiyo itataka saa 20 za kuendesha. Dereva akiendesha saa 8 kwa siku, atafika siku ya tatu na nguvu zake zingali naye. Sasa tuseme ofisi imempa siku tatu kamili, jambo ambalo kwenye karatasi ni la haki tupu. Bandarini amengojea siku moja na nusu. Mizani, misongamano na gurudumu lililopasuka vimekula nusu siku nyingine. Amebakiwa na siku moja, yaani saa 24, na kazi ni ile ile ya saa 20. Saa 4 zilizosalia ndizo za kula, kujisaidia, kukagua magurudumu, kujibu simu za ofisini, na kulala. Ofisi haikumwambia asilale. Ilimwambia tu saa ya kufika.

Huenda mtu akasema kwamba dereva alilala alipokuwa akingojea. Aliyesema hivyo hajapata kukaa katika foleni ya malori. Foleni hiyo husogea urefu wa gari moja, ikasimama, ikasogea tena baada ya dakika kumi au ishirini. Anayefumba macho hupitwa, na anayepitwa hurudi nyuma. Tena yuko mwizi wa mafuta, yuko mwizi wa tairi la akiba, na yuko anayechungulia lakiri ya kontena. Kungojea kwa dereva ni kazi ya ulinzi isiyo na mshahara. Tunafundishwa tangu utotoni kwamba subira huvuta heri, nami nawafundisha wanafunzi wangu vivyo hivyo. Lakini subira ya dereva huvuta heri ya mwenye mzigo, na yeye mwenyewe huitolea malipo kwa usingizi wake.

Nitakusimulia jambo moja niliwezalo kulishuhudia, maana tarehe zake niliziandika kwa mkono wangu. Katika mwaka ule wa 2009, mjomba alitumwa kuchukua mzigo Mombasa na kuupeleka kwenye ghala moja mjini Eldoret. Bandarini aliwekwa siku mbili. Alipofika Mai Mahiu Ijumaa usiku, aliuona mstari mweupe wa barabara ukigawanyika ukawa miwili. Aliniambia kwamba haikuwa mara ya kwanza, na kwamba madereva wote huijua ishara hiyo, ijapokuwa si wote waitiio. Aliegesha gari mahali penye taa, akamwamuru utingo wake akeshe, akalala tangu saa tano usiku hadi saa kumi alfajiri. Alipoondoka alipita Gilgil mizanini, akapanda mlima, akafika Eldoret saa saba mchana siku ya Jumamosi. Ghala lilikuwa limefungwa tangu saa sita. Mzigo ulishushwa Jumatatu.

Aliporudi Nakuru alipewa barua. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza, naye alikuwa amesoma hadi darasa la saba, basi akaniletea langoni niisome. Ilisema kwamba amechelewa bila sababu ya kuridhisha, kwamba posho ya safari ile haitalipwa, na kwamba kosa likirudiwa kampuni itachukua hatua nyingine. Nilimfasiria neno kwa neno. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akakiwekea kidole kitabu changu kilichokuwa wazi mezani.

"Mjomba," aliniambia, maana mjomba na mpwa huitana hivyo, "kitabu chako kinasema nilitoka lini na nilirudi lini. Je, mahali pa kusema kwamba nilizuiwa siku mbili ni wapi?"

Nilizitazama safu zote saba. Hapakuwa na mahali.

Posho ile ilikuwa imekwisha kupangiwa kazi. Binti yake alikuwa kidato cha pili, na shule zilikuwa zinafunguliwa wiki ile. Alikaa nyumbani wiki mbili hadi karo ikapatikana kwingine. Mjomba hakugombana na mtu. Alitia sahihi barua ile, akaikunja, akarudi kazini. Safari iliyofuata alizuiwa tena, na mara hii hakulala. Aliendesha usiku kucha, akafika kabla ya wakati, na mwisho wa mwezi akapata posho yake kamili. Msomaji wangu, jambo linitishalo katika kisa hiki si barua. Linitishalo ni kwamba safari ile ya pili ilimalizika salama, na kitabu changu kikaiandika kuwa safari njema kuliko ya kwanza.

Kitabu kina nguvu kuliko tudhanivyo. Kile kiandikwacho huwa ndicho kitafutwacho, na kisichoandikwa huachwa kama hakipo. Chukua mfano wa safu ya mafuta. Dereva aliyetumia lita nyingi aliulizwa. Aliyetumia chache alisifiwa. Sasa tazama mteremko utokao Timboroa na Mau Summit, ukapita Sachangwan hadi Salgaa, safari fupi kutoka hapa Nakuru. Wako madereva wateremkao hapo gia ikiwa imetolewa, gari likijiendea lenyewe kwa uzito wake, ili waokoe mafuta. Lori lililo katika gia ndogo huzuiwa na injini yake mwenyewe. Lililotolewa gia halina kizuizi ila breki, na breki zikibanwa kwa muda mrefu chini ya makumi ya tani hupata moto hata zikakosa nguvu ya kushika. Yule dereva hakuzaliwa akiwa mjinga. Alifundishwa na safu ya mafuta kwamba lita moja huonekana, na hatari haionekani hadi itokee.

Eneo letu limeona hatari hizo zikitokea. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan. Watu wakakimbilia kuteka petroli iliyomwagika, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Tarehe 10 Desemba 2016, usiku, lori lililobeba kemikali iwakayo lilishindwa kudhibitiwa pale Karai karibu na Naivasha, likayagonga magari mengine, na watu wapatao 40 wakapoteza maisha yao. Tarehe 30 Juni 2023 lori la kontena liliacha njia pale makutano ya Londiani, likawakumba abiria, wachuuzi na waendesha pikipiki, na zaidi ya watu 50 wakafa. Sisemi kwamba misiba hii ilitokana na usingizi wa mtu au na saa za ofisi. Kila mmoja ulikuwa na mambo yake. Nasema tu kwamba baada ya misiba ya namna hii swali la kwanza la watu huwa ni nani aliyeshika usukani. Swali la nani aliyepanga saa ya kufika ni la mwisho, na mara nyingi haliulizwi kabisa.

Hata hivyo sheria yetu inaliuliza. Mwaka 2012 Sheria ya Trafiki ya Kenya iliongezewa kifungu kisemacho kwamba gari la biashara lisiendeshwe na mtu mmoja kwa zaidi ya jumla ya saa 8 katika kila saa 24. Lakini lizingatie neno moja la kifungu hicho. Hakimkatazi dereva peke yake. Humkataza pia yule anayemfanya au kumruhusu mtu aliyemwajiri aendeshe kupita saa hizo. Waliotunga kifungu hiki walijua kwamba mguu ukanyagao mafuta uko garini, lakini haraka yenyewe yaweza kuwa imekaa mezani mbali na barabara. Kadhalika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na humruhusu mwajiri kukata mshahara kwa mali iliyopotea au kuharibika pale tu mfanyakazi alipofanya kosa kwa makusudi. Maneno haya ni mazuri. Ubora wake hutegemea watu wangapi wanayajua, na wangapi kati ya wanaoyajua wanathubutu kuyatamka.

Nchi nyingine zimekwenda hatua moja mbele. Umoja wa Ulaya, katika kanuni zake za mwaka 2006, humtaka dereva apumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu. Na zaidi ya hayo huyakataza makampuni kumlipa dereva kwa umbali aliosafiri au kwa wingi wa mzigo, ikiwa malipo ya namna hiyo yatahatarisha usalama barabarani. Walioandika kanuni hiyo waliona jambo ambalo mjomba alilionyesha kwa kidole: namna ya kumlipa mtu ni namna ya kumwamuru, hata kama hakuna amri iliyotamkwa.

Usifikiri kwamba madereva wa nchi hii walikaa kimya daima. Katika miaka ya 1940, Fred Kubai aliwaunganisha madereva na mafundi wa magari Waafrika katika chama cha wafanyakazi. Na mwaka 1949 alikuwa rais wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki, na Makhan Singh akiwa katibu wake mkuu. Kubai alikuwa mmoja wa watu sita walioshtakiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta, na uhuru ulipokuja mwaka 1963 alichaguliwa kuwa mbunge wa Nakuru Mashariki. Kwa hiyo haki ya dereva si jambo geni katika mji huu. Ilipata kuwa na mwakilishi wake Bungeni. Leo pia kuna chama cha madereva wa malori ya safari ndefu. Lakini kuwaunganisha madereva ni kazi ngumu kuliko kuwaunganisha watu wa kiwandani. Watu wa kiwandani hukutana langoni kila asubuhi. Madereva hukutana kwa kuwashiana taa.

Tena iko hofu. Langoni pa yadi yetu hakukosekana vijana wawili watatu wenye leseni mifukoni, wakingojea mtu afukuzwe. Baadaye ikaja reli ya kisasa, iliyofika Nairobi mwaka 2017, ikanyooshwa hadi upande wa Suswa na Mai Mahiu mwaka 2019. Na serikali ilipoagiza mwaka ule kwamba makontena yapelekwe kwa treni, watu wa malori na wa Mombasa walipinga kwa maandamano. Mwaka 2022 mambo yakabadilishwa tena. Mtu asiyejua kama mwakani atakuwa na mzigo huogopa kudai saa ya kulala mwaka huu. Mwenye njaa, hata akijua sheria, huisoma kimoyomoyo.

Siku hizi vitabu kama changu vimeanza kustaafu. Mahali pake pana kioo cha kompyuta, na kila lori lina chombo kinachotoa habari zake lilipo, mwendo wake na muda liliosimama. Forodha za Kenya, Uganda na Rwanda nazo hutumia lakiri za kielektroniki zinazofuatwa njiani kote. Vyombo hivi vina faida kubwa. Mwizi wa mizigo huvichukia, na dereva akimbizaye gari kupita kilomita 80 kwa saa hawezi tena kukana. Lakini chombo nacho kimepigiwa mistari na mwanadamu. Chaweza kuonyesha kwamba gari limesimama saa tano karibu na Mai Mahiu. Hakiwezi kuonyesha kwamba mwenye gari aliona mistari miwili badala ya mmoja. Ofisi isiyouliza itaona saa tano za uvivu, na ofisi inayouliza itaona saa tano zilizookoa maisha ya watu. Tofauti yao haiko katika chombo.

Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza kama udereva ni kazi ya watu walioshindwa masomo. Darasa zima lilimtazama, maana walijua kwamba baba yake yuko barabarani, na kwamba humwona mara mbili kwa mwezi akiwa na bahati. Nilimjibu kwamba mtu awezaye kuteremsha tani 50 kutoka Mau Summit katika mvua na ukungu, akijua lini abadili gia na lini aiache breki ipoe, anajua fizikia ambayo mimi naijua kwa chaki tu. Nilimjibu pia kwamba thamani ya kazi haipungui kwa sababu walioipanga hawakuithamini. Sijui kama jibu langu lilimtosha. Nilimwona akiandika kitu pembeni mwa daftari lake, kisha akaufunika kwa mkono.

Nawe, msomaji wangu, hujui bado utakuwa nani. Ikiwa utakuwa dereva, jifunze sheria ya saa zako kama ujifunzavyo alama za barabarani, na jiunge na wenzako kabla ya siku ya shida. Ikiwa utakuwa mwenye ghala, kumbuka kwamba lango lako likifungwa saa sita, yuko mtu atakayeendesha usiku kucha ili alikute wazi. Ikiwa utakuwa hakimu au askari, uliza maswali mawili, la usukani na la meza. Na ikiwa siku moja utapewa kazi ndogo kama ile niliyopewa mimi, ya kupiga mistari katika kitabu au ya kutunga programu ya kompyuta ambayo watu watapimwa kwayo, kaa kwanza na wale watakaopimwa. Waulize saa zao hupotelea wapi. Kisha piga mstari mmoja zaidi, uweke safu ya nane, na juu yake uandike kwa herufi za kusomeka: muda wa kungojea, na sababu yake.

Safu hiyo haitaondoa foleni ya Malaba, wala haitaupunguza mteremko wa Sachangwan. Lakini itamfanya mtu aliye mezani ajue kinachotokea barabarani, na akiisha kujua hawezi tena kusema kwamba hakuambiwa.